Neno la Mhariri: Carmen Arudishiwe Maneno Yake

Ubishi uliozuka baina ya walimu wa kwaya wa Mbeya na wenzao wa Iringa, kama yafaa Carmen ya Bizet iimbwe na watu waliosimama safu mbele ya okestra, pasi na mapazia wala maleba, umenichosha, kwa kuwa pande zote mbili zagombania mavazi na kuisahau hikaya. Kusimama si aibu. Kwaya zetu, za Kilutheri, za Kimoravian na za Kikatoliki, zimesimama miaka mingi na watu wakatokwa na machozi.

Taksiri iko pengine. Opera hii ilipotolewa Paris tarehe 3 Machi 1875, baina ya nyimbo palikuwa na mazungumzo ya kusemwa. Bizet akafariki miezi mitatu baadaye, na rafiki yake Guiraud, kwa ajili ya Vienna, akayaondoa mazungumzo yale na kutia maghani mahali pake. Na siku hizi waandaaji wa tamasha za kusimama, kwa kutafuta wepesi, aghalabu huyafyeka yote mawili, wakatuachia nyimbo mashuhuri zisizo na kisa cha kuzibeba. Faust ya Gounod nayo ilizaliwa na maneno ya kusemwa, mwaka 1859, ikanyang'anywa mapema.

Basi ni nani wa kuitengeneza kadhia hii kama si sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini? Mtambaji wa Kihehe au wa Kinyakyusa husema, akifika penye uchungu huimba, hadhira ikampokea, kisha akarejea kusema: ndio mwendo ule ule wa Bizet. Huko Mbozi mmisionari Traugott Bachmann aliwahimiza Wanyiha waimbe ibadani kwa lahani zao. Sisi twaona haya kutumia utambaji wetu katika ukumbi wa kukodi! Rai yangu, ambayo wasomaji wameizoea, ni kwamba kando ya waimbaji awekwe mtambaji mmoja wa Kiswahili, asiyesoma karatasini, atueleze José, yule askari aliyempenda Carmen, amefika wapi katika kuporomoka kwake. Nyimbo zikibaki katika Kifaransa, sina ugomvi. Waimbaji wa Khayelitsha, Afrika Kusini, waliziimba kwa Kikhosa, filamu yao ikapata Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2005, wala Paris haikubomoka.

Katika toleo hili, makala ya kugeuza nota za okestra kuwa solfa ni ya kitaalamu. Ya mwangwi wa makanisa ya Iringa isomwe. Barua ya bwana anayetaka tungoje hadi Mbeya ijengewe jumba la opera nimeichapa bila ya kuipunguza, apate kuona mwenyewe urefu wake.