Tangazeni Mishahara ya Wachambuzi wa Kawi

Mshahara wa mbunge huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Wa gavana pia, wa waziri pia, na Wakenya huijadili mishahara hiyo kwenye matatu na redioni bila kuomba ruhusa ya mtu. Lakini kuna watu wanaoketi Upper Hill na Westlands, Nairobi, wakikadiria nchi itahitaji megawati ngapi miaka kumi ijayo, kituo kipya cha umeme kilipwe kiasi gani kwa kila uniti, na mafuta yakipanda kule Ghuba bei ya stima itafuata kwa kasi gani. Hesabu zao ndizo zinazoishia kwenye tokeni unayonunua kwa simu usiku, taa zikikaribia kuzimika. Mishahara ya watu hao ni siri. Anayeketi meza ya pili haijui, na mara nyingi mkataba wake unamkataza hata kuuliza.

Siri hiyo inaficha dhuluma. Inaficha mwanamke anayelipwa chini ya mwanamume ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfunza kazi. Inaficha Mkenya anayepata kijisehemu cha ujira wa mgeni kwa jedwali lile lile la Excel. Inaficha mwanagenzi mwenye digrii ya uchumi anayefanya kazi ya mchambuzi kamili huku akipewa nauli na pesa za chakula cha mchana. Nataka siri hii ivunjwe kwa sheria, na ianze kuvunjwa katika kazi zote zinazolipwa kwa fedha za umma.

Ni akina nani walioajiriwa? Shirika la kimataifa la kawi jadidifu, IRENA, lenye makao yake Abu Dhabi, lilieleza mwaka 2019 kwamba wanawake walikuwa asilimia 32 ya wafanyakazi wa kawi jadidifu duniani, na asilimia 22 katika mafuta na gesi. Wapo walioishangilia hiyo 32. Mimi nawaomba waifungue waone kilichomo. Katika kazi za utawala, wanawake walikuwa asilimia 45. Katika kazi za sayansi, uhandisi na hesabu, walishuka hadi 28. Yaani mwanamke anakaribishwa kupanga mikutano na kuandika kumbukumbu, lakini chumba inamoundwa modeli ya bei kina watu wengine. Na hata akiingia humo, hela zinamkwepa: Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, la Paris, limeonyesha kwamba katika nchi lilizozichunguza mwanamke wa sekta hii hupokea karibu asilimia 20 chini ya mwanamume, na kwamba kulinganisha ujuzi hakulifuti pengo hilo.

Hapa kwetu pengo hilo hutengenezwa kimyakimya, na hatua ya kwanza ni swali moja la usaili: "Kazi uliyotoka ulikuwa unalipwa ngapi?" Chukua watu wawili waliomaliza chuo pamoja, mmoja akaanza kwa shilingi 120,000, mwingine kwa 100,000. Kila wanapohama kazi, mwajiri mpya anauliza swali hilo na kuwaongezea asilimia 30 juu ya walichokuwa nacho. Baada ya kuhama mara 3, wa kwanza yuko zaidi ya 263,000 na wa pili hajafika 220,000. Tofauti ya 20,000 imekuwa karibu 44,000 bila mwajiri yeyote kuamua kumbagua mtu. Wote waliwapa nyongeza ile ile na wote wataapa kwamba hawana ubaguzi. Ndiyo maana siwaulizi waajiri wana nia gani moyoni. Nawaambia wafungue vitabu.

Kuna pia mchezo wa vyeo. Mwanamume anaitwa mchambuzi, mwanamke anaitwa afisa wa data au mratibu wa utafiti, kisha wote wawili wanapewa mkataba ule ule wa ununuzi wa umeme wausome, wachambue vipengele vya malipo, waandike ripoti ile ile. Kwenye karatasi, hakuna ubaguzi, kwa kuwa vyeo ni tofauti. Na kuna safari. Anayeweza kuondoka leo jioni kwenda Olkaria au Turkana na kurudi atakapoambiwa arudi ndiye anayepandishwa cheo. Claudia Goldin, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2023, ametumia miaka mingi kuonyesha jinsi kazi zinazomtaka mtu awe tayari saa yoyote zinavyolipa kupita kiasi, na jinsi mama mwenye mtoto mchanga anavyoachwa nyuma hapo hapo. Ukichunguza vizuri, nyingi ya safari hizo zingeweza kupangwa juma zima kabla.

Namjua dada mmoja aliyeujua ukweli wake saa sita za usiku. Aliletewa faili la zabuni alikamilishe, mwisho wa kuwasilisha ukiwa saa nne asubuhi. Kwenye pendekezo la fedha palikuwa na jedwali la malipo ya kila mtaalamu kwa siku. Jina lake lilikuwa mstari wa sita. Mstari wa nne ulikuwa wa kijana wa kiume aliyeajiriwa baada yake, ambaye ni yeye aliyemwonyesha namna ya kutofautisha malipo ya uwezo wa mtambo na malipo ya umeme wenyewe. Mstari wa kwanza ulikuwa wa mtaalamu wa ng'ambo ambaye angekuja Nairobi kwa juma moja. Sura mbili za ripoti zilizoandikwa jina la mtaalamu huyo, dada huyu alikuwa ameshaziandika. Alijumlisha tarakimu, akahakiki jumla, akatuma zabuni kwa wakati. Kampuni ilishinda. Wachambuzi wengi wa Nairobi na Dar es Salaam hujua bei yao kwa njia hiyo hiyo, kwa bahati mbaya ya kufungua faili ambalo hawakukusudiwa kulisoma lote.

Na huyo wa mstari wa kwanza tusiogope kumtaja. Uchunguzi wa nchi 6, Uganda ikiwemo, ulioongozwa na mwanasaikolojia Stuart Carr na kuchapishwa mwaka 2010, uligundua kwamba wataalamu wageni walilipwa kwa wastani mara 4 ya wenyeji waliofanya kazi za kiwango chao. Watetezi wana jibu lililozoeleka: benki na wafadhili wanataka jina linalojulikana London au Washington. Basi lipieni jina hilo kwa saa linazofanya kazi, na mwenyeji mlipeni kwa kazi aliyoifanya. Gharama ya nyumba ya mgeni na karo ya watoto wake iandikwe kando kama marupurupu, ijulikane ni marupurupu. Isiitwe ujuzi.

Msidhani haya ni malalamiko ya watu wachache wenye viyoyozi. Mwaka 2011 mpango wa taifa wa kustawisha umeme ulikadiria kwamba kufikia 2030 kilele cha matumizi ya Kenya kingepita megawati 15,000. Mwanzoni mwa 2025 tulikuwa tumefika 2,300 hivi. Makadirio ya aina hiyo ndiyo yaliyoupa uhai mradi wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050, hadi Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilipofuta leseni yake Juni 2019 baada ya wenyeji kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Kila kituo kinachojengwa kwa hesabu iliyotiwa chumvi kinakuja na mkataba wa kulipia uwezo wa mtambo, mtambo uzunguke usizunguke, na anayelipa ni mwenye kibanda cha kuchomelea vyuma kule Kariobangi.

Sijui ni nani aliyekaa mbele ya kompyuta ile ya 2011, wala sitafuti mtu wa kumtwika lawama. Ninachosema ni hiki: katika chumba ambamo nusu ya watu wako kwenye mikataba ya miezi mitatu mitatu, wanalipwa nusu ya wenzao na hawajui kama watakuwepo Januari, hakuna anayethubutu kuinua mkono na kusema kwamba ukuaji uliokadiriwa hauwezekani. Kubisha kunahitaji mtu mwenye uhakika wa kazi yake. Tumewanyima uhakika huo wale wale wanaoijua nchi.

Tena tazama kilichokosekana kwenye hesabu. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 55 ya kaya za Kenya zikipikia kuni, na waliopikia umeme hawakufika hata asilimia 1. Jiko ndilo soko kubwa zaidi la umeme ambalo halijaguswa nchini humu. Mwanamke aliyekulia nyumba ya moshi angeuliza swali la jiko siku ya kwanza: umeme huu wote utatumiwa na nani, na sufuria ya maharagwe itakula uniti ngapi? Mwaka 2024, Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alipokuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia, viongozi wa dunia walizungumza habari za jiko kana kwamba limevumbuliwa juzi. Wanawake wamekuwa wakilizungumza miaka yote, ila kutoka mstari wa sita.

Nimeshaambiwa kwamba wanawake hawajui kujadiliana mshahara. Utajadiliana vipi bei usiyoijua? Mwanamume anajua kwa sababu rafiki yake wa kiume, bosi wa kampuni jirani, alimnong'onezea wakitazama mpira. Nimeambiwa pia kwamba mshahara ni faragha ya mtu. Hakuna anayeomba majina. Tunaomba ngazi, wastani, jinsia, uraia na aina ya mkataba. Aliyefichwa na siri hii ni mwajiri, na hakuna Katiba iliyompa faragha ya kupunja.

Sheria ya haki tunayo, na ni nzuri. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inataka kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa, na inambebesha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani tuliuridhia mwaka 2001. Tanzania ina wajibu kama huo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Lakini utaendaje mahakamani kudai tofauti ambayo hukuiona? Wenzetu walishalitambua hilo. Uingereza iliamuru mwaka 2017 kila mwajiri wa watu 250 au zaidi atangaze pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake. Iceland ilianza mwaka 2018 kumtaka mwajiri wa kuanzia watu 25 athibitishe kwamba analipa sawa. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha kanuni zinazompiga mwajiri marufuku kuuliza mshahara wa zamani wa mwombaji. Kwa hiyo kampuni ya ushauri yenye makao London inatangaza pengo lake kwa ajili ya wafanyakazi wa Uingereza, kisha tawi lake la Nairobi halidaiwi na mtu hata sentensi moja.

Uganda na Tanzania, kwenye bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, zimejitahidi kuhesabu wazawa walioajiriwa. Ni jambo jema, lakini kuhesabu vichwa kunaruhusu wazawa 80 walipwe pamoja kiasi cha wageni 10, na ripoti bado isomeke vizuri bungeni.

Kamati ya Kawi ya Bunge la Kitaifa ina uwezo wa kuanza na kitu kimoja kisichohitaji hata shilingi ya bajeti. Kila kampuni inayoomba kazi ya ushauri kutoka kwa Wizara ya Kawi, mdhibiti EPRA, mzalishaji KenGen, msambazaji Kenya Power au msafirishaji wa umeme KETRACO iambatishe kwenye zabuni jedwali la mishahara ya wachambuzi wake kwa ngazi, jinsia na uraia, na jedwali hilo lichapishwe siku zabuni inapotolewa. Asiyeliambatisha aondolewe kabla bahasha ya fedha haijafunguliwa. Kisha uje mswada: kifungu chochote cha mkataba wa ajira kinachomkataza mfanyakazi kutaja mshahara wake kiwe batili. Swali la mshahara wa zamani lipigwe marufuku kwenye usaili, na tangazo la kazi lisilo na kiwango cha malipo lisikubaliwe gazetini. Waheshimiwa, mishahara yenu tunaijua. Leteni mswada huo kabla mpango ujao wa umeme haujaanza kuandikwa.