Ndimu Moja kwa Lita Moja: Maji ya Kusuuzia Nywele kutoka Jikoni

Katika nyumba nyingi za Buyenzi, mjini Bujumbura, Jumamosi alasiri ni saa ya vichwa. Karai hutolewa uani, mche wa sabuni hukatwa, chanuo hutafutwa huku na huko, na wasichana huketi mkekani wakingoja zamu zao. Kazi ikiisha, mara nyingi husikika lalamiko lile lile. Nywele zimeoshwa, zimesuguliwa, zimemwagiwa maji tele, lakini zikikauka huwa ngumu kama nyuzi za katani. Hazing'ai, tena zina unga mweupe ambao mama hudhani kuwa ni mba. Juma linalofuata sabuni huongezwa, na unga nao huongezeka.

Jambo hili lina sababu, na sababu yenyewe huanzia ziwani. Maji ya bomba ya Bujumbura kwa sehemu kubwa hutoka Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo hupokea maji ya Mto Rusizi, ambao hutoka Ziwa Kivu katika nchi ya milima ya volkano, na maji hayo huja na chumvi nyingi, hasa za magnesiamu. Kisha sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauchukui chumvi. Chumvi hubaki. Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Yanafaa kwa kunywa yakiisha kusafishwa, lakini hayapatani na sabuni. Sabuni ikikutana na magnesiamu na kalisiamu, hugeuka utando mweupe usioyeyuka. Utando huo huonekana pembeni mwa beseni, na ndio huo huo ushikao nywele.

Mama anayetaka kuhakikisha anaweza kufanya jaribio dogo mbele ya watoto wake. Achukue chupa mbili zenye vifuniko. Moja atie maji ya mvua, nyingine maji ya bomba, kwa kiasi kilicho sawa. Kila chupa aitie kipande cha sabuni cha ukubwa wa punje ya harage, kisha azitikise zote mbili kwa muda ulio sawa. Chupa ya maji ya mvua itajaa povu. Ile ya maji magumu itatoa povu dogo, na maji yake yatakuwa na ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji. Ukungu huo si uchafu wa kichwa cha mtu yeyote, kwa maana hakuna kichwa kilichooshwa katika chupa ile.

Jambo la pili ni sabuni yenyewe. Uchachu wa vitu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho huanzia 0 hadi 14. Maji matupu yako kwenye 7. Vitu vichachu viko chini ya 7, na vitu vya tabia ya magadi viko juu yake. Ngozi ya kichwa ina uchachu mdogo, yapata 5.5. Mche wa sabuni huwa kati ya 9 na 10, na maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe hukaribia 9. Unywele mmoja umefunikwa kwa magamba membamba mno, yaliyopangwa mfano wa vigae vya paa. Ukilowa katika maji ya tabia ya magadi, unywele huvimba na magamba yake huinuka. Hapo nywele hukwaruzana, hushikana, na hukatika chanuo linapopita. Nywele za kujikunja hupata taabu zaidi, kwa sababu mafuta ya ngozi hayafiki kwa urahisi kwenye ncha zake.

Hapo ndipo maji ya kusuuzia yanapopata kazi yake. Kitu kichachu kidogo, kilichotiwa katika maji mengi, hulegeza utando wa sabuni na kuyalaza magamba mahali pake. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Hakioteshi nywele wala hakiponyi ugonjwa.

Kitu cha kwanza ni siki. Siki ya kawaida ya dukani ina asidi ya asilimia 5, na jambo hilo huandikwa kwenye karatasi ya chupa. Mama apime vijiko viwili vya mezani, avitie katika lita moja ya maji safi, akoroge. Nywele zioshwe kwanza kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji matupu. Kisha yule anayeoshwa ainamishe kichwa nyuma, afumbe macho, na maji ya siki yamiminwe polepole kutoka utosini hadi kwenye ncha. Yakae kwa muda wa dakika moja au mbili, kisha yaondolewe kwa maji matupu. Maji haya ya mwisho, hata yakiwa ya ziwani, hayaleti utando tena, kwa kuwa sabuni imekwisha kuondoka. Harufu ya siki hutoweka nywele zikikauka. Lakini iwapo chupa imeandikwa asilimia kubwa kuliko hiyo, isitumiwe kichwani kabisa, kwa sababu asidi kali huunguza ngozi.

Kitu cha pili ni ndimu, ambayo hupatikana sokoni hata siku ambayo siki haipatikani. Kipimo chake ni ndimu moja ya kadiri kwa lita moja ya maji. Maji ya ndimu yachujwe kwa kitambaa ili nyama na mbegu zisinase katika nywele. Kwa wingi huo wa maji, ukali wa ndimu hupungua ukawa wa kadiri. Ndimu tupu ni jambo jingine. Kipimo chake cha pH ni kati ya 2 na 3, na ubaya wake hauishii hapo.

Uchukuliwe mfano wa msichana anayetazamiwa kuolewa siku ya Jumapili. Ijumaa asubuhi shangazi yake anafika na ndimu nne mfukoni, naye kwa mapenzi yote anazikata na kuzikamulia juu ya kichwa cha bibi arusi, bila maji. Maganda nayo anayasugulia kwenye kingo za nywele, penye paji la uso na shingoni.

"Shangazi, panawasha," anasema msichana.

"Tulia, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu. Kaa hapo juani zikauke, utaona zitakavyong'aa."

Msichana anakaa juani saa nzima. Jioni hakuna kitu kinachoonekana, na shangazi anasifiwa. Lakini Jumamosi usiku paji la uso linaanza kuwa jekundu na kuuma kama limeguswa na pasi. Jumapili asubuhi, wageni wakiwa wamekwisha kufika, kuna malengelenge kuanzia sikio hadi sikio, na shela inashushwa chini kuliko ilivyokusudiwa. Malengelenge yatapona baada ya siku kadhaa. Alama nyeusi itakayobaki inaweza kukaa kwa majuma mengi, pengine kwa miezi, na picha za arusi hazipigwi mara ya pili.

Hilo si jicho la hasidi, wala si ngozi mbaya ya msichana. Ndimu, na hasa ganda lake, ina vitu ambavyo vikikaa juu ya ngozi na kupigwa na jua huunguza. Kwa kuwa maumivu huchelewa kwa siku moja au mbili, watu hawaikumbuki ndimu, na humtafuta mwenye kulaumiwa mahali pengine. Kwa hiyo ndimu ichanganywe na maji, ganda lisisuguliwe kwenye ngozi, na kichwa kisuuzwe vizuri kabla ya mtu kutoka juani. Mikono ya aliyekamua nayo ioshwe kwa sabuni. Ikiwa mtu amekwisha kuungua, pahali hapo paoshwe na pafunikwe pasipigwe na jua, na malengelenge yakitokea mgonjwa apelekwe zahanati. Malengelenge yasitumbuliwe.

Kitu cha tatu ni chai. Majani ya Teza na Rwegura husifiwa kwa kikombe, lakini yanaweza pia kufaa kichwani. Vijiko viwili vidogo vya majani hutiwa katika nusu lita ya maji yaliyochemka, yakaachwa hadi yapoe kabisa, kisha yakachujwa. Chai haina uchachu wa kutosha kuondoa utando wa sabuni, hivyo huja baada ya siki au ndimu. Faida yake ni rangi. Nywele nyeusi huonekana zimekolea, na mvi hupata wekundu kidogo ambao hutoka baada ya kuoshwa mara chache. Mama akumbuke kuvaa nguo kuukuu, maana chai ikiingia katika kitambaa cheupe haitoki kwa urahisi. Sukari isitiwe.

Kitu cha nne ni maji ya mchele. Mchele wa bonde la Imbo huoshwa mara mbili kabla ya kupikwa. Maji ya kwanza yana vumbi, hivyo yamwagwe. Ya pili, yaliyo meupe, yawekwe. Huko China, katika kijiji cha Huangluo mkoani Guangxi, wanawake wa kabila la Yao wamejulikana kwa nywele ndefu sana na kwa desturi ya kuziosha kwa maji ya mchele yaliyochachushwa. Kwamba maji hayo ndiyo yanayorefusha nywele, bado hakujathibitishwa. Linaloonekana ni kwamba nywele huteleza vizuri zaidi zinapochanuliwa. Maji hayo yakae kichwani kwa dakika kumi na tano hivi, kisha yaondolewe kabisa, kwa sababu wanga ukibaki hukauka na kuzifanya nywele ziwe kama nguo iliyotiwa uwanga. Yatumiwe siku ile ile yalipopatikana.

Viko pia vya jikoni visivyofaa. Magadi ya kupikia maharage na hamira ya unga, ile ya soda, husifiwa kwa kusafisha. Lakini vyote viwili ni vya upande ule ule wa sabuni, navyo huzidisha dhara lililotakiwa kuondolewa. Mafuta ya taa yasiguse kichwa hata kidogo, ijapokuwa wako wanaoyatumia kuua chawa. Huunguza ngozi, na karibu na jiko yanaweza kuua mtoto. Chawa huondolewa kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, nywele zikiwa mbichi, kwa kurudia kila baada ya siku chache, au kwa dawa iliyotolewa na mhudumu wa afya. Naye aliyetiwa dawa ya kunyoosha nywele, na kichwa chake kina vidonda, asitiwe siki wala ndimu mpaka ngozi ipone.

Lililo zito zaidi ni kutambua mahali ambapo maji ya kusuuzia hayana kazi. Unga wa sabuni huisha baada ya kusuuza mara moja au mbili kwa njia iliyoelezwa. Mba wa kweli hurudi, na huenda ukahitaji dawa ya kuoshea. Lakini mtoto akiwa na mabaka ya mviringo, yenye magamba na nywele zilizokatika, hayo ni mapunye. Ugonjwa huo huletwa na kuvu walioingia ndani ya unywele wenyewe, ambako ndimu haifiki. Hutibiwa kwa vidonge vya kumeza kwa muda wa majuma kadhaa, kwa maagizo ya mganga. Mama anayempaka mtoto ndimu kwa mwezi mzima anampotezea mwezi wa matibabu, na huku chanuo moja linapita kichwani kwa kaka, dada na jirani. Chanuo la mtoto huyo liwekwe mbali, na watoto wengine wa nyumba ile watazamwe vichwa vyao.

Kwa nyumba isiyo na ugonjwa, kusuuza mara moja kwa juma kunatosha, na nywele zikionekana kukauka, mara moja kwa majuma mawili. Zikiwa bado na unyevu hupakwa mafuta kidogo ya mise au ya nazi, kisha husukwa. Majira ya mvua, mama akinge maji ya paa katika pipa safi baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi. Ayatumie kuoshea nywele, na siki yake ibaki kabatini. Kiangazi kikifika, kuanzia mwezi wa 6, pipa huwa tupu, na hapo chupa ya lita moja irudi uani.

Chupa hiyo ni bora iwe moja ya siku zote, iwekwe alama ya kalamu mahali lita inapofikia, ili hata msichana wa miaka kumi aweze kupima bila kukisia. Shangazi naye, arusi nyingine ikija, hana haja ya kuacha ndimu zake nyumbani. Aje nazo zote nne. Moja iende katika lita ya maji, na tatu zilizobaki ziende kwenye samaki wa wageni.