Kwa Nini Kila Safari Ipitie Katikati ya Jiji?

Jumatatu ya tarehe 3 Desemba 2018, Kaunti ya Nairobi ilianza kutekeleza amri ya kuzuia matatu kuingia katikati ya jiji. Abiria wa Eastlands walishushwa Muthurwa, wa barabara ya Thika wakashushwa Ngara, kisha wakaambiwa wamalizie kwa miguu. Wazee walitembea, wajawazito walitembea, na wanaotembelea magongo wakajikokota katikati ya umati ule. Malalamiko yalipozidi, gavana wa wakati huo, Mike Sonko, aliisitisha amri kabla ya wiki kuisha.

Tangu hapo mjadala wa usafiri wa Nairobi umeganda kwenye swali lile lile: matatu ziingie mjini au zikomee pembeni? Kituo cha Green Park kilijengwa kwa ajili ya swali hilo. Hata kabla ya amri hiyo, Muthurwa, iliyofunguliwa mwaka 2008, nayo ilikusudiwa kulijibu, ikawapokea wachuuzi na matatu za Eastlands kwa pamoja. Wanaotaka matatu ziondoke wana hoja nzito. Barabara ya Tom Mboya saa kumi na moja jioni haipitiki, moshi unakaba, na mwenye duka River Road hana hata pa kushushia bidhaa. Wanaopinga nao wana yao: abiria maskini ndiye anayebebeshwa gharama ya jiji safi, kwa miguu yake au kwa nauli ya pili.

Pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja bila kulijadili, kwamba safari za Nairobi lazima ziishie mjini. Kubishana kuhusu mita za mwisho za safari ambayo abiria wengi hawakuihitaji tangu mwanzo ni kupoteza miaka, na mahali pa kuliona hilo waziwazi ni mtaa wa Pumwani.

Kwenye ramani, Pumwani haina shida ya usafiri. Mtu mwenye afya anatoka Majengo, ndani ya Pumwani, anapita Gikomba au Kariokor, na kwa mwendo wa nusu saa hivi yuko Tom Mboya. Lakini ukaribu huo ndio unaowaponza wakazi. Asubuhi, matatu kutoka Eastleigh zinapofika barabara ya General Waruinge huwa zimeshajaa. Jioni, kwenye steji ya mjini, makanga anamtafuta abiria wa mwisho wa safari, na huyu wa kushuka njiani akikubaliwa, mara nyingi hulipishwa nauli ya mwendo mzima. Mvua ikinyesha, nauli inapanda na nafasi yake inatoweka kabisa.

Ni rahisi kumlaumu makanga, na watu humlaumu kila siku. Ila hesabu yake iko wazi. Mwenye gari anataka kiasi fulani kila jioni, iwe siku ilikuwa nzuri au mbaya. Kuna mafuta, kuna ada za chama, kuna wa kupozwa barabarani, na kinachobaki ndicho mshahara wa dereva na makanga. Kwa hesabu hiyo gari haliondoki mpaka lijae, na kiti kikitolewa kwa abiria wa masafa mafupi huenda kikabaki kitupu njia iliyosalia. Mjini pekee ndipo penye uhakika wa kujaza gari kwenda na kurudi, kwa hiyo matatu zinarundikana mjini. Unaweza kuzihamishia Muthurwa au Green Park. Hesabu itahama nazo.

Tena mtiririko huu una historia ndefu kuliko matatu. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika, na watu wa vijiji kama Mji wa Mombasa, Maskini na Kaburini wakahamishiwa huko. Pangani ilibaki hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, nayo ikabomolewa na wengi wakapelekwa Shauri Moyo. Mitaa iliyofuata, Kaloleni, Ziwani, Bahati, Makongeni, ilipangwa upande huo huo wa mashariki, karibu na reli na karakana. Mwafrika alitakiwa aende kazini kwa wenye jiji na arudi kwake kabla ya usiku, na haikumhusu mpangaji wa jiji kama Mwafrika huyo anataka kumtembelea shangazi yake mtaa wa tatu. Mabasi ya Kenya Bus Service yalipoanza mwaka 1934 yalifuata mtiririko huo. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria kihalali bila leseni maalumu, nazo zilifuata mahali abiria walikuwa wamezoeshwa kusubiri. Uhuru ulibadilisha anayekaa mjini. Njia za kwenda huko zilibaki zilivyokuwa.

Sasa tazama safari ambazo wakazi wa Pumwani wanazihitaji. Kibarua anayetoka Majengo kwenda Industrial Area anaelekea kusini, kupitia Shauri Moyo, avuke barabara ya Jogoo na kushika barabara ya Lusaka. Akitaka gari, inabidi aende magharibi hadi mjini, abadilishe, kisha arudi mashariki, huku akilipa nauli mbili kwa safari ambayo jicho linaweza kuiona ikianza na kuisha. Hailipi, anatembea. Uchunguzi wa wataalamu wa usafiri umekuwa ukionyesha kwamba takriban safari nne katika kila kumi za Nairobi hufanywa kwa miguu. Takwimu hiyo husomwa kama habari ya umaskini, na ni kweli, lakini sehemu yake ni habari ya njia ambazo hazipo.

Geuza safari hiyo. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, inahudumia akina mama kutoka Eastlands nzima. Mama wa Umoja au Kayole anayekuja kliniki hupanda matatu ya barabara ya Jogoo. Ama ashuke njiani na akatize mitaa kwa miguu hadi hospitalini, ama aende mpaka mjini atafute gari jingine la kumrudisha alikopita karibu. Mwenye mimba ya miezi minane afanyishwe hivyo kila kliniki, na jiji liite huo utaratibu! Wenye uwezo huita bodaboda, na hali ya barabara za Gikomba asubuhi, mikokoteni ikiwa imejaa marobota ya mitumba, inajulikana.

Mpango mkubwa wa serikali ni mabasi ya mwendo wa kasi, yenye njia tano zilizopewa majina ya wanyama. Kifaru ndiyo itakayopita barabara ya Jogoo. Ukizifuata kwenye ramani, nyingi zinapita katikati ya jiji. Nyati ndiyo inayoliambaa kwa kufuata barabara ya Outer Ring. Nasema hivi nikiwa mtetezi wa mabasi hayo. Dar es Salaam ilianza mwendokasi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na aliyezoea kukaa saa nzima kwenye foleni ya Ubungo aliona tofauti wiki ya kwanza. Lakini Dar pia imetufundisha kwamba njia kuu moja haitoshi. Daladala ziliondolewa kwenye barabara hiyo, na abiria wakabaki wakitegemea mabasi yasiyotosheleza, wakisongamana vituoni. Mvua zikijaza bonde la Jangwani, barabara hufungwa na huduma kukatika. Njia kuu ikilemewa na pembeni hakuna kitu, abiria hana pa kukimbilia.

Wapo wanaosema kwamba kama abiria wa njia za kukatiza wangekuwepo, wenye matatu wangeshawaona zamani. Hoja hii nimeisikia sana, na ina ukweli wake: Outer Ring ilipopanuliwa, matatu zinazoiunganisha Donholm na barabara ya Thika bila kugusa mjini zilipata abiria. Ila pale serikali ilitangulia kuweka barabara pana. Kati ya General Waruinge na Jogoo hakuna kitu kama hicho, na hakuna mwenye gari atakayekubali kutembea nusu tupu kwa miezi kadhaa mpaka watu waizoee njia. Hasara ya miezi hiyo lazima ibebwe na mwingine.

Mwingine huyo ni kaunti. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti usafiri wa umma wa barabarani pamoja na maegesho na taa za mitaani. Kaunti inatoza matatu ada za maegesho, na kwa hiyo inavuna kutokana na msongamano ule ule inaoulalamikia. Sehemu ya ada hizo ingetosha kuanza kulipia huduma kwa kilomita: gari litembee njia iliyopangwa kwa saa zilizopangwa, limejaa au halijajaa, na wahudumu walipwe mshahara badala ya masazo ya siku. Vyama vya matatu, ambavyo tangu 2010 kila mwenye gari ametakiwa kujiunga navyo, ndivyo vingepewa mikataba. Vina magari na vina madereva wanaojua kila kichochoro.

Njia ya kwanza iwe ya kuanzia Hospitali ya Pumwani, ipite Shauri Moyo, ifike barabara ya Lusaka na kuishia Industrial Area. Kikwazo chake kikubwa ni Gikomba, na sitaki kukipunguza. Mahali pengi soko limefika kwenye lami, na suluhisho la kawaida la Nairobi, yaani tingatinga usiku wa manane, ni ukatili ambao haujawahi kudumu. Basi dogo lipite barabara za pembeni, hata kama linazunguka kidogo, na wachuuzi wakubaliane na kaunti kuhusu saa za kupakua marobota. Na kwa kuwa wengi wataendelea kutembea hata basi likiwepo, njia hiyo hiyo ipate vijia vya miguu, vivuko salama barabara ya Jogoo na taa zinazowaka saa kumi na moja alfajiri, wakati vibarua wa zamu ya kwanza wanapotoka. Sera ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu waenda kwa miguu na baiskeli iliahidi kuwatengea asilimia 20 ya bajeti ya barabara. Diwani anayekuja Majengo kuomba kura aulizwe ni shilingi ngapi za asilimia hiyo zimefika upande huu wa Mto Nairobi.