Pikipiki, Gari na Mashua za Manda

Mabishano ya bwenini kuhusu pikipiki na gari hayajapata kuisha, na kosa ni la swali lenyewe. Watu huuliza kipi kina kasi zaidi, wasiulize katika njia gani. Kwenye mstari ulionyooka pikipiki ya mashindano haioni haya mbele ya gari, kwa kuwa injini yake husukuma uzito mdogo. Konani mambo hugeuka. Gari la Formula 1 lina magurudumu manne mapana, na mabawa yake huifanya hewa ilikandamize chini, hivyo hupinda kwa mwendo ambao pikipiki ingeteleza. Ndiyo maana katika uwanja wa Austin, Marekani, wenye kilomita 5.5 na kona 20, gari huzunguka kwa dakika moja na nusu hivi, ilhali pikipiki za MotoGP huhitaji takriban dakika mbili.

Manda hakuna uwanja wa magari. Kuna uwanja wa ndege, na abiria wa Lamu hana budi kuuvuka mkondo ili aufikie. Boti ya mashine humvusha kwa dakika chache. Mimi mwenyewe nikiwahi ndege sipandi chombo cha tanga. Lakini wapo vijana wanaohitimisha kutokana na hayo kwamba mashindano ya mashua katika mkondo huo huo ni mchezo wa vyombo vilivyoshindwa. Nakataa. Wamerudia kosa la bwenini: wamepima masafa, hawakupima njia.

Mashua nazo zina kona zao. Upepo ukiwa wa mbele, nahodha hulazimika kubisha (kitenzi ni kile kile tukitumiacho mabwenini). Foromali hupitishwa mbele ya mlingoti, tanga likahamia upande wa pili, mabaharia wakakimbilia joshini kuukalia ubao uliotokezwa nje, na mifuko ya mchanga, ndiyo farumi yao, ikahamishwa. Akichelewa hapo, tanga hupigapiga, chombo kikasimama, wenzake wakampita. Boti ya mashine haiijui kona hiyo. Itashinda, naam, lakini ushindi wake hautatuambia lolote kuhusu nahodha.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna letu humo. Joshi, demani, farumi, foromali: wengi wetu tumeyakuta kamusini tukayakariri kwa ajili ya mtihani. Kijana wa Matondoni huyapata kwa kukaripiwa na nahodha, chombo kikiwa karibu kupinduka. Kazi ya kuvusha abiria imekwisha kuchukuliwa kwa sehemu kubwa na mashine. Mashindano nayo yakipuuzwa, kijana huyo atabisha wapi?

Chama chetu kikipanga ziara ya Lamu, tusiishie kwenye makumbusho na magofu ya Takwa. Tukodi mashua siku ya upepo, tumwombe nahodha atupeleke Manda kwa kubisha, na kila neno tuliandike pale pale linapotamkwa, hata daftari likilowa.