Malaika Kumi na Wawili Ambao Hatukuwahitaji

Eti tuliibiwa. Ndivyo wanavyosema kila mara rasimu za zamani za Neon Genesis Evangelion zinapoibuka tena: karatasi za mpango wa awali, michoro ya madubwana ambayo hayakufika kwenye skrini, Malaika waliopangwa na hawakuja. Na hakosekani mtu wa kutangaza kwamba hiyo ndiyo Evangelion halisi, tulichoonyeshwa ni makombo. Mara ya mwisho aliyesema hivyo ni mtu ninayemheshimu, msomaji wa riwaya anayejua kupiga mstari chini ya sentensi nzuri. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimekubali. Sikubali.

Kwa asiyeijua: ni katuni ya Kijapani ya vipindi 26, iliyotengenezwa na studio ya Gainax chini ya mwongozaji Hideaki Anno, ikarushwa na TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996. Watoto wa miaka 14 wanapandishwa ndani ya majitu ya vita yaitwayo Eva, wapigane na viumbe wanaouandama mji wa Tokyo-3. Viumbe hao ndio Malaika. Kwa Kijapani wanaitwa shito, neno lile lile la mitume wa Yesu, lakini mimi nitabaki na Malaika, maana neno mtume kwetu lina uzito wake. Majina yao yametoka kwenye mapokeo ya dini: Sachiel, Ramiel, Sandalphon. Mmoja ni Israfel, yaani Israfili wetu yule yule, ambaye mtoto yeyote aliyepita chuoni anamjua kwa parapanda yake. Humu Israfili anatoka baharini, anapasuliwa katikati, na kila kipande kinaendelea kupigana kivyake. Wanaomshinda ni watoto wawili waliofundishwa kucheza kwa hatua moja, kwa sekunde 62, muziki ukipigwa. Sijui ustadhi wangu angesema nini.

Nitataja mwisho wa hadithi. Katuni ina umri wa miaka thelathini, tusigombane.

Sasa hiyo rasimu. Mpango wa 1993, ule wa kuuzia wazo, ulitaja Malaika 28. Kuelekea mwisho, kumi na wawili wangeshuka kutoka Mwezini kwa mpigo. Palikuwa pia na Malaika mwenye sura ya mvulana, anayekuja na paka. Kilichorushwa ni kingine kabisa. Malaika wanahesabiwa 17, na wawili wa kwanza, Adam na Lilith, ni mambo ya chimbuko la hadithi, kwa hiyo wale ambao watoto wanakabiliana nao, mmoja baada ya mwingine, ni 15. Vita ya Mwezini haipo. Paka hayupo. Mvulana yupo.

Lalamiko linakwenda hivi: hela zilibana, muda ukaisha, kwa hiyo tukanyimwa kumi na wawili wale pamoja na madubwana mengine yaliyobaki kwenye makaratasi. Kuna ukweli ndani yake na siukatai. Anayeangalia vipindi viwili vya mwisho anaona kwa macho yake: picha zisizosogea, michoro isiyokamilika, hata kurasa za maandishi zinapita kwenye skrini. Ile ni kazi iliyofanywa na watu ambao kalenda iliwakaba koo.

Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba kilichokatwa kilikuwa bora kuliko kilichobaki, jamani, hiyo ni safari ndefu, na watu wanairuka kama mtaro.

Hebu tuwaangalie Malaika waliobaki, kwa mpangilio waliokuja. Wanane wa mwanzo wana miili. Sachiel anatembea kwa miguu miwili, ana kifua, ana uso kama kinyago. Ramiel ni jiwe la buluu lenye pande nane, halina jicho wala mdomo, limetulia angani juu ya mji na linatoboa ardhi taratibu kwa keekee kubwa. Kulipiga inabidi kukusanya umeme wa Japani nzima. Gaghiel ni samaki mkubwa kuliko meli. Sahaquiel ni jicho linaloanguka kutoka angani. Hapa madubwana ni madubwana, na yule aliyekuja kutazama vita anapata vita yake.

Halafu kuanzia kipindi cha 13 kitu kinaanza kuharibika. Ireul hana mwili wa kuupiga ngumi, ni vijidudu vinavyoingia kwenye kompyuta. Leliel, kipindi cha 16, anaonekana kama mpira mkubwa wenye milia unaoelea, kumbe ule mpira ndio kivuli, na kile tulichodhani ni kivuli chake chini ndio mwili. Bardiel hatuoneshwi sura yake: anaingia ndani ya Eva na kuitumia, na ndani ya Eva hiyo kuna mtoto wa shule, rafiki wa mhusika mkuu. Zeruel, kipindi cha 19, anaturudishia mwili, tena mwili wa kutisha kuliko yote, kama vile hadithi imetaka kutukumbusha mara ya mwisho jinsi dubwana lilivyo. Baada yake, kimya. Kipindi cha 20 na cha 21 havina Malaika mpya. Arael ni mwanga kule juu, hagusi mtu, anachofanya ni kufungua akili ya msichana na kupekua yaliyomo huku wimbo wa Haleluya wa Händel ukiimbwa. Armisael ni pete ya nuru. Na wa mwisho, Tabris, ni Kaworu, mvulana aliyekaa kando ya maji akiimba kwa sauti ya puani.

Ukiipanga hivyo unaona kinachofanyika. Dubwana linavuliwa mwili kidogo kidogo, na kadiri linavyovuliwa ndivyo linavyosogea karibu na mtoto aliyekaa ndani ya Eva: kwanza liko mjini, kisha kwenye mashine, kisha ndani ya rafiki, kisha ndani ya kichwa, mwisho limekaa mbele yake linamwambia linampenda. Huo ndio uandishi. Sasa chukua Malaika kumi na wawili kutoka Mwezini uwapachike mwishoni mwa mstari huo. Watakaa wapi? Wangepachikwa baada ya Arael, yule msichana aliyevunjika akili angekuwa habari ya jana; sote tungekuwa tunahesabu maiti za madubwana. Wangepachikwa baada ya Kaworu, ndiyo basi tena.

Maana tukubaliane kitu kimoja kuhusu kipindi cha 24. Eva imemshika Kaworu mkononi. Amekwisha kumwomba Shinji amuue. Na picha inasimama. Kwa karibu dakika nzima hakuna kinachosogea, tunasikia Simfoni ya Tisa ya Beethoven tu, na sisi tunangoja vidole vikaze. Wapo watakaosema huo nao ulikuwa ubahili, kuweka picha moja badala ya kuchora mia. Huenda gharama ilikuwemo. Lakini hakuna jeshi la Mwezini ambalo lingenifanya nishindwe kuondoa macho kwenye mkono mmoja. Dubwana la mwisho ni mtu ambaye humtaki afe, na wewe ndiye umemshika.

Na yule paka? Mtu mmoja aliniambia paka angeongeza utamu. Bila shaka angeongeza. Ungekuwa unamtazama paka.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa: wewe unayesema hivyo, fasihi yenyewe si imejaa vitu vilivyookotwa? Tungekuwa wapi bila waokotaji? Kweli. Tuna Muyaka bin Haji kwa sababu watu waliona aibu kumwacha apotee. Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizikusanya beti zake zilizobaki vinywani mwa watu, miongo kadhaa baada ya mshairi kufariki, na W. E. Taylor akaziandikia maelezo. Namshukuru Mwalimu Sikujua kila ninapofungua kitabu. Lakini beti za Muyaka zilikuwa zinapotea. Hakuna aliyezikataa, Muyaka mwenyewe ndiye aliyezitoa mbele za watu. Kilichopotea na kilichokataliwa si kitu kimoja, na hapa ndipo mashabiki wetu wanapochanganya mafaili. Malaika wa rasimu ya 1993 hawakupotea baharini. Waliitwa, wakatazamwa, wakaambiwa hapana.

Kafka je? Alitaka maandishi yake yachomwe, rafiki yake Max Brod akakataa, na The Trial ikachapishwa 1925, mwaka mmoja baada ya mwandishi kufa. Huo ni mfano mgumu, na sina jibu linaloniridhisha moja kwa moja. Ninachoweza kusema ni kwamba Kafka hakuacha The Trial nyingine, iliyokamilika, ambayo Brod aliisukuma pembeni ili atuoneshe vipande. Anno ametuachia vipindi 26, na mashabiki wanataka kuvipima kwa karatasi za mpango, kama mtu anayekataa kuingia nyumbani kwako kwa sababu ramani ya kwanza ilikuwa na vyumba vingi zaidi.

Kuna ushahidi mwingine ambao hawapendi kuutaja. Anno alipata nafasi ya pili. Alianzisha studio yake, Khara, mwaka 2006, akaisimulia hadithi upya kwa filamu nne, ya kwanza 2007 na ya mwisho 2021. Safari hii hakuwa yule mtu wa 1996 anayekimbizana na saa ya kurusha kipindi. Ramiel yule yule wa buluu alimrudia, akamfanya ajikunje na kujikunjua maumbo ya ajabu kila anapopiga, na nakiri nilisimama kutoka kwenye kiti. Malaika wengine walibadilishwa sura, wengine wakaachwa, wapya wakachorwa. Vita ya kumi na wawili kutoka Mwezini? Haikurudi. Aliyedaiwa kuporwa silaha zake alipewa ghala zima, na zile hakuzichukua.

Tusielewane vibaya. Napenda rasimu. Ninazo kwenye simu, nazikuza hadi naona penseli ilipokanyaga mara mbili. Watu waliochangia kuwachora Malaika hawa, kina Yoshito Asari na Mahiro Maeda, hawakuwa mashine; mchoro uliokataliwa ulikula usiku wa mtu sawasawa na uliokubaliwa, na ni haki jina la aliyeuchora lijulikane. Ukiniambia unaziangalia ili ujifunze jinsi umbo linavyotafutwa, nasogea kwenye kiti tuangalie wote. Ninachokipiga vita ni neno moja, “halisi”. Ukilitamka hilo umemnyang’anya mwandishi haki ya kusema hapana, na ukimnyang’anya hiyo sijui umemwachia nini. Kuongeza kila mtu anaweza. Hata mtoto wa chekechea atakuongezea pembe.

Bibi zetu walilijua hili bila shule ya katuni. Zimwi la hadithini halielezwi sana. Unaambiwa linakula watu, unaambiwa lina mdomo nyuma ya kichwa, basi, na usiku huo huendi kujisaidia nje peke yako. Hakuna bibi aliyegawa orodha ya mazimwi 28 na nguvu za kila moja.

Nasema haya kwa uchungu kidogo, na uchungu wenyewe una sababu. Huwa nasomea watu miswada. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea riwaya ya ndoto ya kurasa mia nne na ushee, na katika hizo, kurasa sitini zilikuwa kamusi ya madubwana: sura, urefu, chakula, udhaifu. Michoro pia, mizuri kwa kweli. Hadithi yenyewe, ya dada anayemtafuta mdogo wake kwenye kijiji kilichozama, ilikuwa inakabwa. Kila alipokaribia maji, dubwana jipya linatokea lijitambulishe. Nikamwambia abakishe moja. Akanijibu, kwa adabu, kwamba mashabiki siku hizi wanataka ulimwengu mpana, na kwamba hata asipoyatumia atayatoa kama nyongeza, maana watu wanapenda kuona vilivyoachwa. Akanitajia Evangelion. Akanitajia Malaika wa Mwezini.

Kijana wa watu hajakosea kuhusu mashabiki. Amewasikiliza vizuri mno.

Nilimwomba aangalie tena kipindi cha 24, ile dakika ya mkono, halafu aniambie ni lipi kati ya madubwana yake angeweza kulishika hivyo na kusita. Alikaa wiki mbili bila kujibu, nikajua nimemuudhi. Kisha akaniandikia ujumbe mfupi: lile la kisimani, lisilo na mchoro. Nimemwambia aendelee na hilo. Muswada wa pili bado haujanifikia.