Mgombea wa "Mwenzetu" na Hoja za Watetezi Wake

Uchaguzi ukikaribia, kuanzia Tanangozi hadi Ifunda huku Iringa, kwenye vilabu vya ulanzi na vijiwe vya bodaboda, huibuka mgombea wa aina ileile. Barabara na maji huvigusa juu juu. Anachokijua barabara ni watu wa kulaumiwa. Leo wafugaji, kesho "watu wa kuja" wenye maduka, keshokutwa dini ya jirani. Watetezi hakosi. Wengi wao ni watu wazima wenye akili zao, na wana machungu ya kweli, kwa hiyo kuwabeza hakusaidii. Tuwajibu.

Hoja kubwa, ambayo nyingine zote zimeiegemea, ni kwamba angalau huyu ni mwenzetu, damu yetu.

Mwenzetu kwa kipimo kipi? Uhehe yenyewe iliundwa na Munyigumba, baba yake Mkwawa, kwa kuziweka pamoja tawala ndogo ndogo ambazo kila moja ilikuwa na mtwa, yaani chifu, wake. Wajukuu wa watu hao leo wanajiita damu moja, na ni sawa, lakini umoja huo ulijengwa, haukuota wenyewe. Na ulipofika wakati wa kuubomoa, wabomoaji walitafuta "mwenzetu" wa kumtumia.

Boma la Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa, lilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Wajerumani waliingia, wakapora, lakini Mkwawa mwenyewe hawakumpata. Walimsaka miaka karibu minne, na walipoona bunduki peke yake haitoshi, wakageukia ukoo wake. Mwishoni mwa 1896 ofisa wao, Tom von Prince, alimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kuwa mtawala. Usangu ikakatwa, akarudishiwa Merere, mtawala wa Wasangu, ambaye Wahehe walikuwa wamewafukuza watu wake hadi Usafwa, huko Mbeya. Msangu akapewa sababu ya kumcheka Mhehe, na Mhehe akapewa ya kumshuku ndugu wa tumbo moja. Mapema 1897 Wajerumani walewale wakamnyonga Mpangile, wakisema anamsaidia Mkwawa kwa siri. Wageni wakija Kalenga tunawapeleka makumbusho kuliona fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, nasi tunajivunia, kwa haki. Habari za Mpangile tunazipitia haraka haraka. Mimi naona hizo ndizo zinazotuhusu zaidi msimu wa kampeni, kwa sababu zinaonyesha anachokipata mtu anayeinuliwa ili wenzake wagawanyike.

Mbeya nako kuna kumbukumbu yake. Mei Mosi ya mwaka 1995, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudi, Mwalimu Nyerere alitumia sehemu kubwa ya hotuba yake mjini humo kuwaonya Watanzania juu ya rushwa, ukabila na udini. Sheria ilikuwa imeshatangulia: ibara ya 20 ya Katiba inazuia kusajiliwa kwa chama chenye nia ya kukuza maslahi ya dini, kabila au mahali watu watokako. Mgombea mwenye akili hujua kuizunguka. Jina la kabila halitaji kamwe. Anasema "wenyeji", basi, na uwanja mzima unamwelewa.

Hoja ya pili ni nzito kidogo: huyu anasema ukweli ambao wengine wanauogopa. Hapa lazima tumkumbuke Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, ambayo zamani ilikuwa mkoa wa Iringa. Mtikila aliogopwa kwa sababu hakuogopa. Alikwenda Mahakama Kuu kudai haki ya mgombea binafsi na haki ya kufanya mikutano bila kuomba kibali cha polisi, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira akakubaliana naye. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikampa ushindi tena kuhusu mgombea binafsi. Hiyo ni kazi ambayo hata mahasimu wake hawawezi kuifuta.

Lakini Mtikila huyohuyo ndiye aliyepanda majukwaani akiwaita Watanzania wenye asili ya Asia "magabacholi", na baada ya mikutano yake ya mwanzoni mwa miaka ya tisini Dar es Salaam iliona mawe yakirushwa kwenye magari. Walalahoi aliowasemea hawakupata hata shilingi kwa kioo kilichovunjwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa jasiri na mkweli katika jambo moja, akawa mpotoshaji katika jingine. Ukimsifu mgombea kwa ujasiri, muulize pia huo ujasiri anauelekeza kwa nani: kwa wenye mamlaka, au kwa muuza duka na mchunga ng'ombe?

"Ni maneno ya kampeni tu, yataisha." Kenya nako waliambiwa hivyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliouawa walizidi elfu moja, wakiwemo waliochomwa ndani ya kanisa huko Kiambaa, karibu na Eldoret, Siku ya Mwaka Mpya. Na asiyetaka mifano ya jirani atazame Kilosa, Desemba 2000, ambako ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya thelathini. Sisi tunaoishi karibu na Usangu, ambako wafugaji waliondolewa kwa nguvu mwaka 2006 na mifugo ikaswagwa kila upande, hatuwezi kujifanya hatujui kiberiti kinakaa wapi.

Kuna wanaosema atatupigania tupate barabara. Hili halihitaji maneno mengi. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, na bajeti ya halmashauri hupita kwa kukubaliana. Diwani wa kata uliyoitukana jukwaani mwezi Oktoba hatakuunga mkono mwezi Februari daraja lako likijadiliwa.

Mwisho kuna ile hoja ya upole, ambayo naona ndiyo inayowachota wengi: tumjaribu, akishindwa tutamtoa. Utamtoaje? Ubunge hauhitaji hata nusu ya kura, unahitaji kumzidi anayekufuata. Wengine wakigawana, mgombea wa kundi moja anapita na theluthi yake. Akishapita, mpiga kura hana njia ya kumwita arudi. Rasimu ya pili ya Katiba mpya, ya Tume ya Jaji Warioba, ilipendekeza wananchi waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya muda. Bunge Maalum la mwaka 2014 lilikiondoa kipengele hicho. Kwa hiyo majaribio haya ni ya miaka mitano kamili, na duka la "mtu wa kuja" likishafungwa mwaka wa kwanza, mbolea utaifuata mjini kwa nauli yako.