Bangkok: Kitanda cha bei nafuu na gharama isiyoandikwa mlangoni

MOTO uliozuka usiku wa Desemba 29, mwaka 2024, katika hoteli moja ya ghorofa sita jirani na mtaa wa Khao San, mjini Bangkok, uliwaua watalii watatu wa kigeni. Ilikuwa siku mbili tu kabla ya mkesha wa mwaka mpya, wakati mji mkuu huo wa Thailand ukiwa umefurika wageni.

Tukio hilo liliamsha upya mjadala ambao si wa Thailand peke yake: mgeni mwenye fedha kidogo ananunua nini hasa anapolipia chumba cha bei ya chini katika mji mkubwa wenye pilikapilika za mchana na usiku?

Jibu la haraka ni kwamba ananunua kitanda, feni na mlango unaofungika. Lakini ukitazama kwa undani utaona kwamba kila chumba kinachouzwa kwa bei nafuu kimepunguziwa kitu fulani. Huenda kimepunguziwa ukaribu wake na mji, au msimu wake si mzuri, au jengo halikutimiza masharti ya sheria, au ujira wa wanaokifagia umebanwa. Kazi ya msafiri anayepanga safari yake ni kujua ni kipi kati ya hivyo kilichopunguzwa, na kama yeye yuko tayari kukikosa.

Kwa watu wa Afrika Mashariki, Bangkok si mji wa kusikia tu. Tangu miaka ya 1990 wanunuzi wa Kithai walifika hadi Tunduru, kusini mwa Tanzania, wakitafuta yakuti, na mawe mengi ghafi kutoka ukanda huu huishia mikononi mwa wachongaji wa Thailand. Wapo pia wafanyabiashara wa nguo waliozoea kufuata bidhaa katika mitaa ya jumla ya Pratunam, na Shirika la Ndege la Kenya limekuwa likiunganisha Nairobi na Bangkok kwa miaka mingi.

Msafiri wa aina hii hafuati mandhari. Kila baht inayobaki baada ya kulipia malazi ni sehemu ya mtaji wake, na kila baht inayopotea ni shati moja pungufu katika mzigo wa kurudi nao nyumbani. Kwake, hesabu ya chumba ni hesabu ya biashara.

Jambo la kwanza katika hesabu hiyo ni kalenda. Bangkok ina majira matatu. Kuanzia Novemba hadi Februari hali ya hewa huwa na nafuu, mvua ni chache, na ndipo bei za vyumba hupanda kwa sababu wageni ni wengi. Machi hadi Mei ni miezi ya joto kali, ambapo mchana joto huvuka nyuzi 35 na chumba chenye feni pekee hugeuka kuwa tanuri. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni masika yao, na Septemba ndiyo yenye mvua nyingi zaidi.

Katikati ya joto hilo ipo sikukuu ya Songkran, yaani mwaka mpya wa Kithai, inayoadhimishwa Aprili 13 hadi 15. Katika siku hizo maduka mengi hufungwa, mabasi na treni za kwenda mikoani hujaa, na mitaa kama Khao San hufurika watu wanaorushiana maji. Mfanyabiashara anayefika wiki hiyo kwa ajili ya kununua bidhaa atalipia kitanda kwa bei ya juu huku milango ya wauzaji ikiwa imefungwa.

Msimu wa mvua ndio wenye vyumba rahisi, lakini nafuu hiyo nayo ina masharti. Bangkok imejengwa kwenye tambarare ya chini, karibu na mdomo wa mto Chao Phraya, na mvua ya saa moja inaweza kuzamisha barabara. Mafuriko makubwa ya mwaka 2011 yaliua watu zaidi ya 800 nchini humo na kuufunga uwanja wa ndege wa Don Mueang kwa miezi kadhaa. Mwaka kama ule hauji mara kwa mara, lakini chumba cha ghorofa ya chini kilichoko kwenye kichochoro kisicho na mifereji kina bei yake kwa sababu maalumu.

Jambo la pili ni umbali, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha wakidhani wanaziokoa. Foleni za magari za Bangkok zina sifa mbaya duniani kote. Treni ya juu ilianza kazi Desemba 1999, ile ya chini ya ardhi ikafuata Julai 2004, na tangu hapo mji umegawanyika sehemu mbili kwa mtazamo wa mgeni: maeneo yaliyo hatua chache kutoka kituo cha treni, na maeneo yasiyo na kituo.

Khao San yenyewe ni mfano mzuri. Jina lake lina maana ya mchele uliokobolewa, kwa kuwa hapo zamani palikuwa soko la mchele. Tangu miaka ya 1980 nyumba za wageni zilianza kuchipua pale hadi mtaa ukawa makao makuu ya wasafiri wa mifuko midogo. Hata hivyo, hadi leo hauna kituo cha treni mlangoni. Kituo cha Sam Yot, kilichofunguliwa mwaka 2019, kimepunguza adha, lakini bado mgeni hana budi kutembea au kupanda chombo kingine.

Anayejua mji hutumia maji. Boti za mfereji wa Saen Saep huondoka gati la Panfa, upande wa mji mkongwe, na kufika Pratunam bila kugusa foleni, kwa nauli ndogo. Zile za mto Chao Phraya nazo huunganisha mji mkongwe na vituo vya treni. Asiyejua hayo hupanda teksi, huketi saa nzima kwenye foleni, na jioni hushangaa fedha zimekwenda wapi.

Chukua mfano rahisi. Chumba cha baht 500 kinachomlazimu mgeni kutumia baht 300 za teksi kila siku kinamgharimu baht 800. Chumba cha baht 700 kilicho karibu na treni, pamoja na nauli ya baht 80, kinamgharimu baht 780, tena kinamrudishia saa mbili za kazi. Tofauti ya bei iliyoandikwa mlangoni ilikuwa udanganyifu wa macho.

Kadhalika na uwanja wa ndege. Suvarnabhumi ulifunguliwa Septemba 2006, na tangu Agosti 2010 una treni yake ya kuingia mjini hadi Phaya Thai. Don Mueang, unaotumiwa zaidi na ndege za bei nafuu, nao umeunganishwa na reli ya mjini tangu mwaka 2021. Lakini treni hizo hazikeshi. Ndege inayotua usiku wa manane humlazimu abiria kulipia teksi, na hoteli ndogo nyingi hazina mtu wa mapokezi usiku kucha.

Bei yenyewe nayo inataka macho mawili. Hoteli nyingi za daraja la kati hutangaza bei kabla ya malipo ya huduma ya asilimia 10 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 7. Chumba kilichotangazwa kwa baht 1,000 hufikia baht 1,177 wakati wa kulipa. Nyumba ndogo za wageni kwa kawaida hutaja bei kamili, lakini baadhi hudai amana ya ufunguo au ya taulo.

Thamani ya fedha nayo haitulii. Oktoba 2022 dola moja ya Marekani ilikaribia kununua baht 38. Mwishoni mwa mwaka 2025 ilinunua takriban baht 32. Kwa hiyo kitanda cha baht 500, bila mwenye nyumba kupandisha hata senti, kilitoka takriban dola 13 hadi karibu dola 16. Aliyepanga safari kwa kukumbuka bei za mwenzake wa miaka mitatu iliyopita aliingia mjini akiwa tayari ana upungufu.

Hata hivyo, jambo zito kuliko yote ni la tatu, nalo ni sheria. Thailand ilitunga Sheria ya Hoteli mwaka 2004, inayotaka nyumba yoyote inayopangisha wageni kwa muda usiofika mwezi mmoja iwe na leseni. Anayekiuka anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, kutozwa faini hadi baht 20,000, na kuendelea kutozwa hadi baht 10,000 kwa kila siku ya kosa.

Nyumba ndogo kabisa ziliachwa nje ya masharti hayo. Mwanzoni zilikuwa zile zenye vyumba visivyozidi vinne na wageni wasiozidi 20, na mwaka 2023 kiwango kikapandishwa hadi vyumba vinane na wageni 30. Kati ya nyumba hizo ndogo na hoteli kubwa lipo kundi kubwa la majengo ya zamani, yakiwamo maduka na makazi yaliyogeuzwa kuwa mabweni ya wageni, ambayo wamiliki wake wamekuwa wakihangaika kupata leseni.

Kuyarekebisha majengo hayo si kazi nyepesi. Ngazi ya pili ya kutokea, milango inayozuia moto, vinyunyizio vya maji na ving'ora vyote ni gharama. Aliyezilipa hawezi kuuza kitanda kwa bei ya yule ambaye hakuzilipa. Hapo ndipo soko linapomwadhibu mwenye kufuata sheria.

Thailand ina sababu ya kulikumbuka hilo. Julai 1997 hoteli ya fahari iliungua Pattaya na watu karibu 90 wakapoteza maisha, wengi wao wakinaswa ndani kwa sababu milango ya dharura ilikuwa imefungwa. Lile halikuwa jengo la maskini. Linathibitisha kwamba bei kubwa pekee si kinga, na kwamba swali la mlango wa dharura linapaswa kuulizwa kila mahali.

Vyumba vya makazi vinavyopangishwa kwa siku kupitia intaneti navyo vimeingia katika mvutano huo. Mwaka 2018 mahakama ya Hua Hin iliamua kwamba upangishaji wa aina hiyo bila leseni unavunja sheria. Bado vyumba hivyo vinatangazwa, na mgeni anayevichukua anaweza kujikuta akizuiwa na walinzi wa jengo huku mwenyeji hapatikani kwa simu.

Kwa Mwafrika, ambaye mara nyingi hukaguliwa kwa macho makali zaidi katika viwanja vya ndege, suala hilo ni zaidi ya usumbufu. Tangu Mei 1, mwaka 2025, mgeni hujaza fomu ya kuingia nchini kwa njia ya intaneti kabla ya kufika, na fomu hiyo huuliza anwani ya malazi. Mwenye nyumba naye anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya saa 24 baada ya mgeni wa kigeni kufikia kwake. Nyumba isiyotambulika haiwezi kumtetea mpangaji wake. Kwa atokaye Tanzania au Kenya, cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho ni sharti, na kukisahau kunaweza kuharibu mipango yote.

Jambo la nne ni ujira, ambalo wasafiri wengi hawalitazami. Kuanzia Julai 1, mwaka 2025, kima cha chini cha mshahara Bangkok kilipandishwa hadi baht 400 kwa siku. Hiyo ni takriban bei ya kitanda kimoja katika bweni la kawaida. Maana yake, anayetandika vitanda 20 kwa siku anapata malipo yanayolingana na usiku mmoja katika kimojawapo. Wamiliki wadogo wanalalamika kwamba ongezeko hilo linawabana, na wafanyakazi, wengi wao wahamiaji kutoka Myanmar, wanaona bado halitoshi kwa maisha ya mji mkuu.

Serikali ya Thailand imesimama katikati ya pande hizo. Nchi hiyo ilipokea wageni karibu milioni 40 mwaka 2019, ikaporomoka wakati wa Uviko, ikapanda tena hadi zaidi ya milioni 35 mwaka 2024, kisha mwaka 2025 idadi ikapungua, hasa kwa wageni kutoka China. Katika hali hiyo ni vigumu kufunga maelfu ya vitanda vya bei nafuu. Lakini kuviacha vilivyo ni kuweka rehani maisha ya watu na jina la nchi.

Baadhi ya viongozi wa sekta hiyo wanapendelea watalii wachache wenye fedha nyingi. Hoja hiyo ina mvuto, lakini inasahau kwamba mji kama Bangkok umejengwa pia na wenye mifuko midogo: mwanafunzi, mchuuzi wa nguo, mnunuzi wa mawe, mgonjwa anayefuata tiba. Wote hao hula kwenye vibanda vya mitaani, hupanda boti na hununua sokoni. Kitanda chao kikiondolewa, fedha zao haziendi kwenye hoteli za nyota tano, bali huhamia mji mwingine.

Njia ya busara ni kuvifanya vyumba hivyo viwe salama bila kuviua, kwa mikopo ya marekebisho, muda unaoeleweka na ukaguzi wa kweli. Hadi hapo, mzigo mkubwa wa ukaguzi unabaki kwa mgeni mwenyewe. Kabla ya kulipa usiku wote, alipie mmoja. Aitazame leseni ukutani, aitembelee ngazi ya dharura kwa miguu yake, ajaribu kama mlango wa mwisho unafunguka kwa ndani, na ahakikishe dirisha halikuzibwa kwa nondo.

Mlango huo ukigoma kufunguka, bei ya kitanda haina maana tena. Begi lirudishwe begani, na utafutaji uendelee mtaa wa pili.